Afya na usalama wa wanyama wa nyumbani mwaka mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaofuga mbwa na paka, pamoja na wachache wenye sungura na ndege. Ukiwa na dakika chache tu, soma majibu mawili ya mwanzo. Mengine utayarudia siku utakapoyahitaji.

Mnyama hawezi kusema anaumwa wapi. Nitajuaje kwamba ni mgonjwa?

Utajua kwa sababu unamjua alivyo akiwa mzima. Paka hasa ni hodari wa kuficha maumivu: atakaa kimya juu ya kabati, nawe utasema amepumzika, kumbe hii ni siku ya tatu hajapanda kitandani kwako. Mbwa naye anaweza kuendelea kutikisa mkia huku tumbo linamsokota. Kwa hiyo usingoje alie. Angalia kilichobadilika: aliyekuwa mlafi anaacha chakula, aliyekuwa akinywa bakuli moja la maji sasa anamaliza mawili, aliyekuwa akijiramba vizuri sasa manyoya yamesokotana mgongoni.

Chagua siku moja kwa wiki, akiwa ametulia, umpapase kuanzia kichwani hadi mkiani. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka upauke, kisha achia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Kama ufizi wake ni mweusi kwa asili, angalia ndani ya kope la chini. Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mbwa au paka asiye na tatizo huwa chini ya 30. Joto lao la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, ndiyo maana mkono wako humwona wa moto hata kama hana homa. Na pua kavu peke yake si ugonjwa.

Yaandike kwenye daftari pamoja na uzito wake. Siku utakapomfikisha kwa daktari wa wanyama, daftari hilo litasema mengi kuliko "siku hizi hana raha".

Ni dalili zipi zisizongoja kesho?

Nilikuwa na paka dume wa kijivu. Jioni moja aliingia kwenye sanduku lake la mchanga, akachutama, akatoka. Baada ya dakika tano akarudi. Nikadhani amefunga choo. Usiku nikasikia mchanga unakwaruzwa tena na tena, nikaenda na tochi: mchanga mkavu, hakuna hata donge moja la mkojo. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Tulimfikisha kwa daktari usiku uleule, na ndiyo sababu alipona. Paka dume aliyeziba hivyo anaweza kufa ndani ya siku mbili hivi, kwa sababu figo hushindwa na potasiamu hupanda kwenye damu mpaka moyo unasimama.

Kwa hiyo ukiona paka dume anajikamua bila kutoa mkojo, ondoka nyumbani saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kutoa kitu: tumbo linaweza kuwa limejipinda, na dawa yake ni upasuaji wa haraka. Paka anayepumua kwa kinywa wazi, ufizi mweupe au wa bluu, degedege linalopita dakika tano, mnyama aliyegongwa hata kama anatembea: wote hawa usiwalaze nyumbani ukisubiri kukuche.

Kuna na paka aliyeacha kula. Watu humvumilia siku tatu, nne, wakisema anadeka. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila chakula ini lake huanza kujaa mafuta, na hapo ugonjwa wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mimi sivuki siku moja.

Mtoto wa mbwa au wa paka achanjwe lini, na kwa nini sindano ni nyingi hivyo?

Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi hudhani sindano za baadaye ni za kumwongezea nguvu tu. Sivyo. Mtoto hupata kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo, ikiwa bado ipo, huizima chanjo. Hupungua taratibu, kwa mtoto mmoja wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 14, na kwa kumtazama tu huwezi kujua imeisha lini. Chanjo hurudiwa ili mojawapo iangukie pale kinga ya mama ilipokwisha. Anayeishia katikati anaweza kuwa hajakingwa kabisa.

Kwa mbwa, zile zisizokosekana ni za distempa, pavo, homa ya ini na kichaa cha mbwa. Pavo ndiyo inayoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini huviua. Kama umepoteza mtoto wa mbwa kwa pavo, tafadhali usilete mwingine asiyechanjwa mahali palepale. Paka huchanjwa dhidi ya homa ya matumbo ya paka na virusi viwili vya mafua ya paka, hata yule asiyetoka nje, maana virusi huingia na viatu vyako.

Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka mitatu kutegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo.

Mbwa nisiyemjua ameniuma. Au amemuuma mbwa wangu. Nifanye nini?

Ukiumwa wewe: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara ni kifo, ila chanjo ikitolewa mapema baada ya kuumwa huzuia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata kichaa hiki huambukizwa na mbwa. Kumchanja mbwa wako ni kuwalinda pia watoto wa jirani.

Akiumwa mbwa wako, vaa glavu kabla ya kumgusa mdomoni au jerahani, mwoshe jeraha, na mpeleke kwa daktari pamoja na kadi yake ya chanjo.

Nimempaka dawa ya viroboto lakini wamerudi baada ya wiki mbili. Dawa ni mbovu?

Huenda dawa ni nzuri, na viroboto unaowaona si wale uliowaua. Wanaoruka juu ya mnyama ni takriban asilimia 5 tu ya viroboto wote waliomo nyumbani. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na pupa waliotawanyika kwenye zulia, nyufa za sakafu, chini ya makochi na kwenye matandiko yake. Kiroboto jike hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku, na mayai hayo huteleza kwenye manyoya na kumwagika kila anapopita mnyama.

Pupa ndiye msumbufu zaidi. Yumo ndani ya kifuko chake, dawa nyingi hazimpati, na anaweza kungoja miezi. Akisikia mtikisiko wa nyayo au joto la mwili, anatoka. Ndiyo maana watu hurudi safari, wakafungua nyumba iliyokaa tupu, na viroboto wakawarukia miguuni kama waliokuwa wamepangwa mlangoni.

Kwa hiyo tibu wanyama wote wa nyumba kwa wakati mmoja, si yule anayejikuna tu. Fua matandiko kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Fyonza au fagia vumbi kila siku kwa wiki za mwanzo, hasa pembezoni mwa kuta na chini ya samani, kisha utupe uchafu nje papo hapo. Endelea na dawa kwa muda usiopungua miezi mitatu bila kuruka. Nyumba yenye joto huwa na viroboto mwaka mzima, kwa hiyo baridi ya nje isikulegeze.

Ninaomba jambo moja kwa msisitizo: usimpake paka dawa ya mbwa. Baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka huanza kutetemeka, kisha degedege, na anaweza kufa. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita kunaweza kumdhuru. Kama limetokea, mwoshe kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya uvuguvugu, halafu mkimbize kwa daktari.

Kupe je?

Mkague kila siku anaporudi kutoka kwenye majani: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kumkamua. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta, kwa sababu kupe aliyesumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha na kuingiza vimelea. Kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyokua. Baada ya hapo, homa, ufizi uliopauka, mkojo wa rangi ya chai au damu puani ni sababu ya kupima damu.

Dawa ya minyoo apewe mara ngapi?

Watoto wa mbwa kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya pili ya maisha mpaka ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Wakubwa, kila miezi mitatu inatosha kwa wengi. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu, na mara nyingi ameipata kwa kumeza kiroboto. Usipoua viroboto utatibu tegu daima.

Minyoo ya moyo ni jambo jingine. Huletwa na mbu, hukaa kwenye moyo na mishipa ya mapafu, na jike hufikia sentimita 30. Dawa ya kila mwezi huizuia, lakini mbwa mkubwa lazima apimwe kabla ya kuanzishiwa.

Mbwa wangu anahema sana wakati wa joto. Ni kawaida au ni hatari?

Kuhema ndiyo njia yake ya kujipoza, kwa kuwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hatari huanza pale kuhema kunapokuwa kwa kelele, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito yanamtoka na anayumba. Joto la mwili likifika nyuzi 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Hapo mpoze kwanza, safari baadaye. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee bila kukoma. Usimfunike kwa taulo lililolowa, maana taulo hunasa joto. Mpe maji anywe kidogo kidogo kama ana fahamu. Kisha mpeleke kwa daktari ukiendelea kumpoza njiani, hata akionekana kupata nafuu, kwa sababu figo na damu zinaweza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Mbwa wenye pua fupi, wanene na wazee huzidiwa mapema. Watembeze alfajiri au jua likishazama, na kabla ya kutoka weka mgongo wa mkono wako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, nyayo zake nazo zitaungua.

Nikimwacha kwenye gari dakika kumi tu, madirisha yamefunguliwa kidogo?

Hapana. Nje kukiwa na nyuzi 24, siku ambayo wewe ungeiita ya kupendeza, ndani ya gari hufika kama 34 kwa dakika kumi na kama 43 kwa nusu saa. Ufa wa dirisha haubadilishi kitu cha maana.

Mvua inaleta hatari gani?

Kubwa ni homa ya mgunda, ambayo bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kukaa kwenye madimbwi na matope. Humpiga mbwa kwenye figo na ini, na mtu pia huipata. Ipo chanjo ya mbwa, na hurudiwa kila mwaka. Usimwache anywe maji ya madimbwi. Akirudi, mkaushe masikio na katikati ya vidole. Masikio yaliyolala yakibaki na unyevu huota fangasi na kunuka.

Na baridi?

Mpe mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, pasipopitiwa na upepo. Wanyama wazee wenye viungo vinavyouma hukakamaa asubuhi. Wape matandiko mazito na matembezi mafupi. Paka wa nje hujibanza karibu na injini za magari, kwa hiyo gonga boneti kabla ya kuwasha. Maji ya kuzuia kuganda kwa rejeta yenye ethilini glikoli ni matamu na huua figo kwa kiasi kidogo sana; yakimwagika, futa yote.

Vyakula gani vyetu ni sumu kwao?

Chokoleti, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya. Zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna idadi unayoweza kusema ni salama. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na dalili huonekana siku kadhaa baadaye, wakati umeshasahau alikula nini. Pombe, kahawa, makadamia na unga mbichi uliotiwa hamira vimo kwenye orodha hiyo. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali.

Inayowashangaza wengi ni zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno na hata baadhi ya siagi za karanga. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa hivi na inaweza kuharibu ini. Soma kibandiko.

Akimeza sumu yoyote, piga simu kwa daktari huku umeshika pakiti yenyewe. Usimlazimishe kutapika kwa chumvi. Chumvi nyingi nayo ni sumu.

Naweza kumpa dawa yangu ya maumivu?

Usimpe. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwani ini lake halina uwezo wa kuisafisha. Aibuprofeni hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa na paka. Najua inauma kumtazama akiteseka usiku, na mkono unaenda wenyewe kwenye kabati la dawa. Mpigie daktari.

Maua ya ndani yana shida?

Kwa paka, maua ya yungiyungi yanayowekwa kwenye chombo cha maua ni sumu kali. Jani, ua, chavua aliyoiramba kwenye manyoya, hata maji ya chombo chenyewe: figo hufa ndani ya siku chache. Penye paka yasiingie kabisa.

Anaogopa fataki na radi mpaka anajificha. Nikimbembeleza nitamzidishia woga?

Humzidishii. Woga hauongezeki kwa kufarijiwa, kwa hiyo mkumbatie akitaka, na akitaka kujificha mwache alipo. Mbwa husikia sauti za hadi hertzi 45,000 hivi, sisi huishia 20,000. Mtoe haja kabla ya giza, funga madirisha na mapazia, washa redio. Woga ukiwa mkubwa kiasi cha kujiumiza, daktari ana dawa, na hutolewa kabla ya kelele kuanza.

Ahasiwe?

Kama hukusudii kumzalisha, mimi nasema ndiyo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na hubeba kwa siku 63 hivi. Mbwa jike mzee asiyehasiwa yumo hatarini kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi. Wiki chache baada ya joto lake, yaani kipindi cha kutaka dume, akianza kunywa maji mno na kukataa chakula, usichelewe. Mbwa wa aina kubwa wakati mwingine husubirishwa mpaka wakomae. Baada ya kuhasiwa punguza chakula kidogo, maana mahitaji yake hushuka.

Nina mimba. Nimwondoe paka?

Hapana, na inanisikitisha ni paka wangapi hutupwa kwa hofu ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kimelea hicho hutoka kwenye kinyesi cha paka kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara moja maishani, na kinahitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Sanduku likisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari inapungua mno. Vaa glavu ukilima bustani, na pika nyama iive. Watu wengi huambukizwa kwa nyama mbichi au udongo.

Sungura na ndege wana masharti yao?

Wanayo, na hawakupi muda. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kunya ni mgonjwa wa dharura, kwa kuwa utumbo wake umesimama. Chakula chake kikuu kiwe nyasi kavu, zinazosaga meno yasiyoacha kukua. Hatoki jasho, siku za joto mwekee chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa kitambaa, aegemee. Mgeuze kila siku umwangalie nyuma: manyoya yaliyolowa huvuta nzi, na funza hutokea ndani ya saa chache.

Ndege asikae karibu na jiko. Kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa moshi usio na harufu unaoua ndege kwa dakika chache. Parachichi nalo ni sumu kwake. Ndege aliyejivimbisha manyoya, ametulia chini ya tundu na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, amekuwa mgonjwa kwa muda.

Akipotea nitampataje?

Mwekee chipu chini ya ngozi. Ina ukubwa wa punje ya mchele na namba ya tarakimu 15. Haionyeshi alipo, inasomwa na mashine pale anapookotwa, na namba hiyo haina faida kama simu iliyosajiliwa ni ile uliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Paka wengi waliopotea wako karibu, wamejibanza kimya. Toka usiku wa manane, zunguka nyumba za jirani na tochi, mulika chini ya ngazi na nyuma ya matangi, utafute macho mawili yanayong'aa.